Kutoa Si Moyo Peke Yake

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Wavuvi waliokuwa jirani waliifikia kwa mitumbwi kabla vikosi vya uokoaji havijajipanga. Hawakuwa na vifaa vya kuzamia, na waliokuwa ndani hawakuwa ndugu zao. Watu 19 walikufa, 24 wakatoka hai. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia na madumu kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Anayeamini kwamba binadamu ameumbwa na huruma atakutajia Bukoba. Anayeamini kwamba kila mwamba ngozi huvutia kwake atakutajia Msamvu. Ubishi huu ni mkongwe, na hauishi kwa sababu kila upande una mifano ya kutosha.

Mimi siamini kwamba ziwani Bukoba na barabarani Msamvu walikusanyika watu wa aina mbili. Mvuvi yule angekuwa dereva wa bodaboda Morogoro asubuhi ile, huenda naye angekimbia na dumu. Na aliyekimbia na dumu, kama angekuwa ziwani na kasia mkononi, akisikia vilio kutoka ndani ya ndege, huenda angepiga kasia kuelekea huko. Kinachonishughulisha ni kile kinachobadilika mtu yule yule akiwa hapa au pale. Watafiti wamekifuatilia kwa miaka mingi, na baadhi ya majibu mazito kuliko yote yametoka huku kwetu: kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kwa Waorma wa Mto Tana na kwa Wamaasai wa Laikipia.

Kabla ya kufika huko, kuna hoja moja inayopaswa kujibiwa, nayo ni ile inayodai kwamba hakuna kutoa kusiko na ubinafsi ndani yake. Msemaji wake mashuhuri ni Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza aliyechapisha kitabu chake *Leviathan* mwaka 1651. Rafiki yake John Aubrey alisimulia kwamba siku moja, katika mtaa mmoja wa London, mzee maskini na dhaifu aliwaomba msaada. Hobbes alimtazama kwa huruma, akatia mkono mfukoni, akampa peni sita. Kasisi aliyekuwapo alimuuliza kama angetoa lau isingekuwa amri ya Kristo. Hobbes akajibu kwamba angetoa, kwa sababu hali ya yule mzee ilimuumiza, na sadaka iliyompa mzee nafuu ilimpa nafuu na yeye mwenyewe.

Hoja hii ingali inasikika kila siku: unatoa ili ujisikie vizuri, kwa hiyo umejipa mwenyewe. Joseph Butler, kasisi Mwingereza, aliipatia jibu katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726, na kwangu jibu lake linatosha. Ili kumsaidia mtu kukupe raha, lazima uwe unamjali tangu mwanzo. Asiyejali mateso ya mzee hapati nafuu yoyote kwa kumpa peni sita. Anachopata ni upungufu wa peni sita. Raha ya kutoa huja nyuma ya kujali, haiwezi kuwa ndiyo iliyokuzaa.

Karne mbili na nusu baadaye jambo hilo lilipimwa. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi walimtazama msichana aliyeitwa Elaine akipigwa shoti za umeme, au ndivyo walivyoaminishwa. Baadhi yao waliambiwa wanaweza kuondoka baada ya kuona kidogo. Wengine walitakiwa kubaki hadi mwisho. Kisha wote wakaulizwa kama wako tayari kukaa badala yake. Kama msaada ni njia tu ya kujiondolea uchungu wa kuona, basi mwenye ruhusa ya kuondoka angeondoka, maana mlango ni rahisi kuliko shoti. Wengi wa wale ambao hawakuguswa sana walifanya hivyo. Walioguswa na hali ya Elaine walijitolea kuchukua nafasi yake hata pale mlango ulipokuwa wazi. Wapinzani wa Batson walitafuta maelezo mengine kwa miaka mingi, naye akawajibu kwa jaribio baada ya jaribio. Sioni kwamba walifanikiwa kuifuta huruma.

Wanabiolojia nao walilaumiwa kwa kuutetea ubinafsi, na mara nyingi walisingiziwa. Mwaka 1964 William Hamilton alionyesha kwa hesabu jinsi tabia ya kujinyima kwa ajili ya ndugu wa damu inavyoweza kuenea katika viumbe, kwa kuwa ndugu hubeba jeni zinazofanana. Mwaka 1976 Richard Dawkins akaliandika wazo hilo kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu kinachoiita jeni yenyewe mbinafsi. Wengi walikomea kwenye jina la kitabu. Jeni haina nia wala moyo; inanakiliwa au hainakiliwi. Mama anayeamka saa nane za usiku kumnyonyesha mtoto hafanyi hesabu ya Hamilton, na mapenzi yake hayawi ya uongo kwa sababu yana historia ndefu katika damu. Kujua hisia ilikotoka hakuifanyi hisia hiyo kuwa kitu kingine.

Kwa hiyo huruma ipo, na ubinafsi upo. Swali lenye faida ni lini huruma inashinda na lini ubinafsi, na hapo ndipo Eyasi inapotufaa.

Wahadzabe ni zaidi kidogo ya watu elfu moja, na sehemu yao bado inaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini na ubuyu, na kurina asali. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale ya sumu. Mwindaji akimwangusha pundamilia au twiga, nyama haiwi mali yake. Watu wa kambi humwendea mnyama pale alipoangukia, wakakata, wakabeba, wakala. Mwindaji hana mamlaka ya kumnyima mtu, na majigambo hayapendwi. Sehemu fulani za mnyama mkubwa, ziitwazo *epeme*, huliwa na wanaume watu wazima peke yao, na ni mwiko kwa wanawake na watoto. James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1982 kwamba hii ni mojawapo ya jamii zenye usawa mkubwa kuliko zote zinazojulikana, kwa sababu mtu akiwa na kitu zaidi ya wenzake hana namna ya kukishikilia.

Watafiti waliofuata walitaka kujua kwa nini mwindaji anakubali. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walihesabu siku za uwindaji wakakuta kwamba katika siku 97 kati ya 100 mwindaji alirudi bila mnyama mkubwa. Kama shabaha ya mwanamume ni kuwalisha watoto wake, walisema, angefanya vizuri zaidi kwa kuwafuata wanyama wadogo. Hawkes akahitimisha kwamba mwindaji anatafuta jina. Blurton Jones alikuwa na maelezo makavu zaidi: aliyeshiba hana sababu ya kupigana na mwenye njaa kwa pande la nyama ambalo hawezi kulimaliza, hivyo anaachia. Frank Marlowe, na baada yake Brian Wood, walitazama upya na kusema mnasahau nyumbani. Nyumba ya mwindaji hupata zaidi kidogo, na vitu vidogo kama asali humfikia mke na watoto bila kupita mbele ya macho ya kambi nzima. Kwao, mwindaji ni baba anayetunza familia.

Nimezisoma hoja hizi kwa heshima, kwa kuwa zimejengwa juu ya kazi ngumu ya kupima mizigo na kuhesabu siku juani. Lakini zote zinachungulia kifua cha mwindaji, na kifua hicho kinaweza kubeba nia zote tatu kwa siku moja. Anapenda kusifiwa, hataki ugomvi, na anawapenda wanawe. Wakati huo huo mtoto wa jirani ambaye baba yake hajapiga mnyama msimu mzima amekula nyama. Taratibu za kambi hazikusubiri mwindaji awe na moyo safi ndipo mtoto yule ale.

Mjadala huo pia ulimtazama mno mwenye upinde. Mwaka 1997 Hawkes na wenzake walichapisha jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko habari ya twiga. Mama wa Kihadzabe akiwa na mtoto mchanga, nguvu yake ya kutafuta chakula hupungua, na mtoto wake aliyetangulia anaanza kutegemea mikono mingine. Kunenepa au kukonda kwa mtoto huyo kulifuata kazi ya bibi yake. Bibi hao, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, walichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana. Hakuna anayemwimbia bibi kwa kuleta mizizi jioni, na huleta kila siku. Kama tunataka mfano wa kujitoa kwa ajili ya wengine, tumeutafuta mbali wakati ulikuwa umeinama na mti wa kuchimbia mkononi.

Jambo lililofuata liliwashangaza wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Joseph Henrich na kundi la wanaanthropolojia na wanauchumi walipeleka mchezo mmoja katika jamii ndogo 15 duniani. Watu wawili, kila mmoja asijue mwenzake ni nani, wanapangiwa kiasi cha fedha. Wa kwanza anapendekeza mgawo. Wa pili akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa. Mbinafsi kamili angetoa senti chache, na mbinafsi mwenzake angezipokea, kwa kuwa kidogo ni bora kuliko kukosa. Hakuna jamii hata moja iliyofanya hivyo kwa ukamilifu. Walamalera wa Indonesia, wanaovua nyangumi kwa ushirikiano wa watu wengi, walitoa kwa wastani zaidi ya nusu. Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia inajitegemea, walitoa karibu robo.

Wahadzabe, wagawaji wa nyama ambao vitabu viliwasifu, walitoa wastani wa asilimia 33, na takriban ofa moja kati ya nne ilikataliwa. Katika kambi ndogo walitoa kidogo zaidi. Marlowe, aliyeuendesha mchezo huo kwao, hakuona mkanganyiko, na mimi pia siuoni. Mchezo ulifanywa bila mtu kujua nani katoa nini. Hapakuwa na jamaa waliosimama kando ya mnyama na visu vyao. Mhadzabe aliyeondolewa katika macho, madai na desturi za kambi yake alibaki na fedha mkononi na mtu asiyemjua upande wa pili, akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Henrich na wenzake waliona vilevile kwamba umri, jinsia au mali ya mtu mmoja mmoja haikueleza tofauti za utoaji. Kilichozieleza vizuri zaidi ni namna jamii nzima inavyofanya kazi: watu wanashirikiana kiasi gani kupata riziki, na wamezoea kiasi gani kufanya biashara na wasio jamaa.

Coren Apicella aliifikisha hoja hiyo mahali ambapo mimi naona ndipo penye uzito wake. Katika utafiti uliotoka mwaka 2012, yeye na wenzake waliwapa Wahadzabe 205 wa kambi 17 mirija iliyojazwa asali, kila mmoja aamue abaki nayo au aitoe kwa kambi, kwa sharti kwamba kinachotolewa kinaongezwa na kugawanywa kwa wote. Watoaji walikutwa wakiishi na watoaji, na wachoyo na wachoyo. Mtu angedhani kwamba wenye moyo mwema hutafutana. Lakini watafiti walirudi tena kwa miaka kadhaa, wakiwafuata watu wale wale, nao Wahadzabe huhamahama sana. Waligundua kwamba ukarimu wa mtu haukuhama naye. Kilichotabiri atatoa kiasi gani ni kambi anayoishi wakati huo. Aliyetoa sana jana, leo akiwa miongoni mwa wasiotoa, hutoa kidogo, na kinyume chake ni kweli pia.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Nusu ya pili ya msemo ni kweli tupu. Nusu ya kwanza inahitaji nyongeza, kwa kuwa moyo ule ule umeonekana ukifunguka katika kambi moja na kufungika katika nyingine.

Waorma wa Kenya waliielewa nyongeza hiyo pasipo kufundishwa. Jean Ensminger alipowapelekea mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, walimwambia mara moja kwamba huu ni mchezo wa harambee, kisha wakachanga kwa ukarimu. Kitu kigeni kilichotoka chuo kikuu cha Marekani kilipata kwao jina, na pamoja na jina zikaja kanuni wanazozijua: kila mtu hutoa kwa kadiri ya uwezo wake, mbele ya wenzake, kwa ajili ya kitu kitakachobaki.

Wamaasai wa Laikipia wana mpango uliokwenda mbali zaidi. Lee Cronk, aliyewatafiti kwa miaka mingi, ameueleza uhusiano uitwao *osotua*. Watu wawili wakiwa nao, mmoja anaweza kumwomba mwenzake ng'ombe au mbuzi, kwa masharti mawili: aombe tu akiwa na shida ya kweli, na asiombe zaidi ya shida yake. Mwenzake akiombwa hutoa, maadamu kutoa hakumwachi yeye mwenyewe katika hatari. Hakuna hesabu inayowekwa. Huenda mmoja akatoa mara nyingi na asiombe kamwe, na hakuna atakayesema anadai. Deni wanalijua pia. Linaitwa *esile*, na hilo hulipwa. Hawavichanganyi. Katika nchi ambako mvua inanyesha kwa jirani na kukuruka wewe, ambako ugonjwa unaweza kumaliza zizi kwa wiki moja, mpango huo ndio unaoiokoa familia. Cronk, Athena Aktipis na wenzao waliujaribu kwa vielelezo vya kompyuta, na mifugo ya familia zinazopeana kwa kuangalia shida ilidumu muda mrefu kuliko ya familia zinazokopeshana na kudaiana.

Je, huo ni ukarimu au ni bima? Mwenye kutaka ubinafsi atasema ni bima. Mimi nitamjibu kwamba anayetoa leo hana hati wala mahakama ya kumrudishia, na huenda akafa bila kuomba. Anatoa kwa sababu mwenzake ana shida, ndani ya utaratibu unaofanya kutoa kuwe jambo la kawaida lisiloangamiza mtu. Vitu hivyo viwili havigombani.

Pia nimejifunza kwa harambee kwamba utaratibu mzuri unaweza kuharibiwa. Baada ya Jomo Kenyatta kuifanya kaulimbiu ya uhuru mwaka 1963, wananchi wa Kenya walijenga shule na zahanati nyingi kwa mikono na fedha zao. Kadiri miaka ilivyopita mgeni wa heshima akawa ndiye kiini cha shughuli, bahasha yake ikisomwa kwa kipaza sauti, na uchaguzi ukikaribia bahasha zikinenepa. Sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwawekea mipaka. Julai 2024 Rais William Ruto, akikabiliwa na maandamano ya vijana, alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee. Moyo wa Mkenya haukugeuka kati ya 1963 na 2024. Kilichogeuka ni nani anatazamwa anapotoa, na anatarajia nini baada ya kutazamwa. Kujitolea kukigeuzwa jukwaa, mchango mdogo wa mama muuza mboga huonekana aibu, naye huacha kuja.

Huku Tanzania tuna ushahidi wetu nyumbani. Harusi ikitangazwa, kamati inaundwa, mwenyekiti na mweka hazina wanachaguliwa, kadi zinasambazwa, ahadi zinaandikwa, na kundi la WhatsApp linakumbusha kila Jumapili hadi shilingi ya mwisho. Mtu yule yule akilazwa na kuambiwa gharama ya upasuaji, ndugu zake wanahangaika kupiga simu moja moja, kwa aibu, usiku, na mara nyingi fedha zinatimia wakati wa msiba. Tunajilaumu kwamba tunapenda sherehe kuliko uhai. Siamini hivyo. Mchango wa harusi una kamati, una daftari, una tarehe, na kila mmoja anajua zamu yake inakuja. Mchango wa matibabu hauna hata kimoja kati ya hivyo, umeachiwa huruma itembee peke yake.

Ndiyo sababu naipima Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge letu mwaka 2023, kwa kipimo cha *osotua*: mwenye shida apate bila kuaibishwa, aliye mzima achangie bila kuangamizwa, na hesabu ziwe wazi kiasi kwamba mchangiaji anaona mwenzake naye anachangia. Kuna wanaosema mchango wa lazima unaua wema wa hiari. Kambi za Eyasi zina lazima nyingi, na watoto wake wanakula. Kinachoua wema ni kutoa huku ukiona wenzako, hasa wakubwa, wanakwepa.

Sheria itachukua muda kumfikia kila mtu, na wagonjwa hawasubiri. Kwa hiyo nawaomba walioko katika kamati za harusi msimu huu: mkimaliza shughuli, msilivunje kundi wala kulitupa daftari. Mwacheni mweka hazina yule yule, punguzeni kiwango hadi kile ambacho asiye na kipato cha uhakika anaweza kutoa, na kubalianeni kwamba mmoja wenu akilazwa, fedha zitoke kesho yake asubuhi bila yeye kuomba.